Ndobo na Wavu: Samaki wa Nzilo Iko ya Nani?

Maneno ya komite kwa wanachama na wasaidizi, mkutano mkubwa wa chama, Mutshatsha



Ripoti ya feza mtaisikia kwa mweka-hazina. Siye tumepewa kazi ya kujibu swali moja ambalo limerudi mara mbili katika barua za wasaidizi. Wanasema hivi: mnatuomba nyuzi za nyavu na mbao za mitumbwi, lakini Kolwezi imejaa watu wa migodi wenye mishahara, na wengine wao wanapenda kwenda ziwani siku ya posho na siku ya Mungu na fimbo zao za ndobo. Kwa nini msiache nyavu, mkaweka kambi ya kuwapokea? Mgeni analipa, anashika samaki, anapiga picha, anamrudisha majini. Nyinyi mnapata feza, na samaki anabaki mzima.

Limeulizwa kwa heshima, na tunalijibu kwa heshima. Ila linagusa chungu cha nyumba nyingi, njo maana tunalijibu mbele ya wote.

Kwanza mjue nani anavua. Kati yetu kuna watoto wa bale waliokimbilia Angola wakati wa vita vya 1977, kuna waliokaa Zambia miaka mingi, kuna waliorudi juzi tu. Mtu anayerudi anakuta shamba la baba limelimwa na mwingine, ao limeingia ndani ya alama za kampuni. Kupata shamba ingine kunaomba muda, kunaomba maneno na chefu, kunaomba mbegu. Mto hauombi hayo yote. Mwenye wavu mmoja na mtumbwi wa kuazima anaanza kula juma lile lile. Siye wa hapa Mutshatsha tunavua mito yetu midogo, na wanachama waliokaa upande wa Kolwezi wanavua ziwa Nzilo. Ba mama wanakausha, wanaleta huku kwa reli na kwa barabara. Samaki mkavu wa mama mmoja anatoa feza ya shule, chumvi na sabuni. Yule anayesema wavu ni kazi ya mwanaume tu, hajakaa karibu na moshi.

Tena angalieni soko letu. Bukari ya watu wengi huku inaliwa na tomson wa baridi, samaki wa bahari anayetoka mbali mpaka Namibia. Tuko na Lualaba, tuko na ziwa, na tunanunua samaki wa bahari! Kila samaki wa Nzilo anayefika sokoni anapunguza feza inayotoka inje.

Ziwa lenyewe si la zamani. Ni maji yaliyofungwa na ukuta kwa kupata umeme wa shaba. Kazi ya ukuta ilimalizika 1952, na siku hizo waliliita Delcommune. Wavuvi walikuja nyuma ya maji, juu ya kulisha watu wa migodi. Hakuna anayeweza kusimama leo kusema ziwa hili liliumbwa kwa nyavu, ao kwa fimbo za ndobo. Sheria ya nchi inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 9, inaweka maji chini ya mamlaka ya taifa. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu na ya kundi iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Na sheria ya kuwinda na kuvua ambayo wakubwa wanaitaja hata sasa ilitoka 21 Aprili 1937, wakati wa Wabelgiji. Mtu mwenye mwanasheria anaweza kutembea vizuri ndani ya sheria ya zamani vile. Mvuvi wetu hana mwanasheria.

Sasa tuende kwenye lile neno la kushika na kurudisha, maana njo mzizi wa swali.

Marekani, upande wa bahari ya Atlantiki, kuna samaki anaitwa besi wa mistari. Anaishi baharini, anapanda mito kuzaa. Wavuvi wa kuuza wanamtaka, na wavuvi wa ndobo wa kujifurahisha wanamtaka zaidi. Miaka ya 1970 na 1980 alipungua sana. Mwaka 1984 serikali ya nchi nzima ilitoa sheria juu yake, na jimbo la Maryland likafunga uvuvi wake wote kuanzia 1985 mpaka 1990. Akarudi. Lakini ugomvi haukuisha: majimbo mengine, kama New Jersey, yanakataza kabisa kumuuza, mengine, kama Massachusetts na Maryland, yanaruhusu kwa kipimo. Wenye ndobo wanasema wavu ni ulafi. Wenye kuuza wanasema: mtuhesabu wote.

Na walipohesabu, waliona nini? Kule wataalamu wanakadiria kwamba katika kila samaki 100 wanaorudishwa majini, 9 wanakufa kiisha. Alimeza ndobo, ao alivutwa muda mrefu, ao maji yalikuwa moto na hewa kidogo. Tisa inaonekana ndogo. Lakini wenye ndobo ni wengi sana, na wanashika na kurudisha mamilioni. Hesabu ya 2017 ilionyesha kwamba karibu nusu ya besi wote waliokufa kwa mkono wa mtu ni wale waliorudishwa. Ukiongeza wale ambao watu wa ndobo walipeleka nyumbani, sehemu ya wavuvi wa kuuza ilibaki kama moja ya kumi.

Hatusemi Nzilo iko vile. Wenye ndobo huku ni wachache, na nyavu ni nyingi. Tunasema tu kwamba ile picha ya samaki anayerudi majini haionyeshi samaki wa kesho yake. Na jambo la New Jersey njo linatuogopesha: siku samaki anapewa jina la samaki wa mchezo, mwenye kumuuza anageuka mwizi, ata kama alikuwa anamuuza jana. Hakuna aliyemfukuza kwa fimbo. Jina tu lilibadilika.

Karibu zaidi na siye, Kenya, iko ziwa Naivasha. Mwaka 1929 waliingiza mle besi mwingine kutoka Marekani, juu ya mchezo wa ndobo wa walowezi. Baadaye wakaingiza tilapia. Uvuvi wa nyavu wa kuuza ulifunguliwa 1959, na ziwa moja likawa na mabwana wawili. Mwisho nyavu zilizidi, samaki akapungua, na 2001 serikali ikafunga uvuvi mwaka mzima. Kiisha kulitokea samaki ingine, karpu, akajaa ziwa, na kwa miaka njo aliyelisha wavuvi wengi kule. Mtu wa wavu akisoma habari hii atasema, mnaona, mchezo ulianza na watu wakabaki na njaa. Mtu wa ndobo atasema, mnaona, nyavu zilimaliza. Siye tumesoma kwamba wote wawili walivua miaka na miaka bila kukaa meza moja.

Bale waliotoka Zambia wanajua njia ingine. Kule, kuanzia 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi unafungwa katika maji mengi ya nchi, ila sehemu kama Tanganyika na Kariba. Samaki anaachwa azae. Tunakumbuka ile miezi: ni ya mvua, mahindi bado mashambani, debe limekauka. Ukifunga maji wakati huo bila kufungua kitu kingine, unaomba masikini alipe deni la wote. Lakini Machi ilipofika tuliona pia ukubwa wa samaki. Kwa hiyo komite haitaki kusikia mtu akisema kufunga ni ujinga wa wazungu. Tilapia wetu wengi, mama anabeba watoto mdomoni. Ukimvuta na wavu mahali pa kuzalia, anatapika wote, na wewe umebeba samaki mmoja kwa bei ya kundi zima.

Basi tunajibu hivi. Mwenye fimbo ya ndobo akaribie. Alipe, alale, anunue bukari na sombe kwa ba mama, akodi mtumbwi na kijana wa kumwongoza. Lakini kambi isije ikafunga njia za kushuka majini, wala mahali ba mama wanapokaushia. Mbele ya kona yoyote ya ziwa kupewa mtu kwa ajili ya mchezo, wavuvi waitwe, wasikilizwe, na maneno yao yaandikwe. Mwaka 2014 nchi za dunia zilikubali, ndani ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, maagizo juu ya wavuvi wadogo, na yanasema hilo hilo: anayeishi kwa maji awe ndani ya mazungumzo ya maji. Na samaki wa mwenye ndobo, aliyebebwa na aliyerudishwa, aingie katika daftari lile lile la samaki wa wavu. Tukihesabiwa siye peke yetu, tutaonekana siye peke yetu tunaomaliza.

Upande wetu, chama kinabaki na katazo lake: nyavu za mustikere hapana, sumu hapana. Tunaongeza pendekezo moja, mtalipigia kura leo: sehemu za kuzalia ambazo wazee wavuvi watazionyesha ziachwe kabisa miezi ya mvua, kwa wavu na kwa ndobo sawasawa, na ziwa lingine libaki wazi. Si kufunga kote kama Zambia. Tunajua kuna papa mmoja hapa mbele anatikisa kichwa; atapewa nafasi yake ya kusema.

Kwa nyinyi wasaidizi: tunaomba msifunge msaada wenu na sharti la kuacha nyavu. Mkitaka kulinda samaki, mtusaidie kununua nyavu zenye macho makubwa. Ni bei kuliko zile ndogo, na mvuvi anayerudi hana feza ya kungoja. Mtusaidie pia mizani mbili na madaftari. Mizani moja itakaa pwani ya Nzilo, ingine hapa sokoni Mutshatsha, na vijana wawili waliomaliza shule wataandika kila siku ya soko: aina ya samaki, kilo, wavu ao ndobo. Kambi ya wageni tutaizungumzia tukiwa na mwaka mmoja wa maandishi mkononi.

Kiisha kura, wajumbe watano, na kati yao ba mama wawili wanaokausha, watapeleka barua kwa chefu, kwa mkubwa wa teritware na kwa ajenti wa uvuvi. Barua iko tayari, katibu ataisoma sasa kwa sauti. Mwenye neno la kubadilisha aseme mbele haijatiwa muhuri.