Ramani ya Miinuko Kutoka Angani na Miradi Yetu ya Maji
(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za maendeleo za sharika, Mwanza)



Mmetuuliza mara nyingi kwa nini tulisimamisha mtaro wa bomba katika usharika mmoja wa Ghuba ya Speke, wakati wananchi walikwishachimba kwa nguvu zao. Leo tunaeleza.

Mradi ulikuwa wa maji ya mserereko, kutoka chemchemi hadi shuleni. Sisi ofisini tulichora njia ya bomba kwa kompyuta, tukitumia takwimu za miinuko zinazopatikana bure. Wengi husema ni za setilaiti; kwa kweli zilipimwa Februari 2000 na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kikiwa na watu sita. Kwa siku 11 kilipiga mawimbi ya rada ardhini na kuyapokea kwa antena mbili, moja ikiwa kwenye mlingoti wa mita 60. Tofauti ya mapokezi hayo ndiyo iliyotoa kimo cha ardhi. Huku kwetu tulipata kwanza kipimo kimoja kwa kila mita 90; cha mita 30 kilianza kutolewa 2014.

Sisi tulikuwa na kile cha mita 90. Ramani ilionyesha shule iko chini ya chemchemi kwa mita 9. Tulifurahi, tukaondoa fedha za upimaji kwenye bajeti. Mzee mmoja wa kamati, fundi mwashi, hakuridhika. Akaleta mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wanaosawazishia msingi wa nyumba, tukapima mtaro hatua kwa hatua kwa siku tatu. Tofauti ilikuwa mita 2 tu, na katikati palikuwa na tuta lililozidi chemchemi kwa kimo. Maji yasingepita.

Kosa halikuwa la ramani. Kipimo kimoja kilibeba eneo kubwa kuliko uwanja wa mpira, na tuta letu likamezwa humo. Tena rada ile hairuki miti: penye msitu hupima karibu na vilele, na chemchemi yetu imezungukwa na miembe. Watengenezaji wenyewe walilenga kosa lisilozidi mita 16. Sisi tulikuwa tunagombania mita 9!

Kando ya ziwa tuwe waangalifu zaidi. Maji yamenyooshwa kuwa kimo kimoja, na ufuko unaoonekana ni wa Februari 2000. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja. Anayechagua mahali pa choo au kisima ufukweni asiamini mstari ule. Awaulize wavuvi maji yalifika wapi.

Hata hivyo tunaitumia bado. Kwa kujua mvua ya mlima gani inaingia lambo lipi, au kuchagua kilima kimoja kati ya vitatu, inatuokolea safari nyingi. Ila ombi lolote la bomba litakalofika ofisini bila vipimo vya ardhini tutalirudisha, na fedha za upimaji tumezirejesha kwenye bajeti.

Mtaro ule ulifukiwa. Kituo cha kuchotea maji kimejengwa bondeni, chini ya chemchemi, na watoto wa shule bado wanapandisha ndoo.