Ubao Unaotetemesha Mwili

Huenda umeuona kwenye jimu: ubao mpana wenye vishikio, mtu amesimama juu yake, mapaja yanatikisika, mashavu nayo yanacheza, na hajapiga hatua hata moja.

Ubao ule kwa kawaida hutetemeka mara 20 hadi 50 kwa sekunde, ukipanda na kushuka milimita chache tu. Kila mtetemo huvuta misuli ya miguu kidogo. Ndani ya misuli mna vihisio vinavyopeleka habari kwenye uti wa mgongo, na jibu hurudi papo hapo: kaza! Ubongo hausubiriwi. Ni njia ileile anayoipima daktari akikugonga kwa kinyundo chini ya goti.

Wanaonufaika zaidi ni wazee na watu wasio na mazoea ya mazoezi: miguu hupata nguvu, na kusimama bila kuyumba huwa rahisi. Kwa mifupa, matokeo ya tafiti yanapishana. Na yule muuzaji anayekuahidi kitambi kitayeyuka umesimama tu? Mwache na biashara yake.

Ukipanda, kunja magoti kidogo. Ukiyanyoosha kabisa, mtetemo unapanda moja kwa moja hadi kichwani. Dakika chache zinatosha; mtetemo ukizidi huumiza. Waulize madereva wa malori, wanaotetemeshwa na kiti kutwa nzima, habari za migongo yao. Mjamzito, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwenye damu iliyoganda mishipani au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, asipande kabla ya kumwona daktari.