Kijana Anatafuta Nini?



Ndugu zanguni, mada niliyopewa ni hii: kitu gani humfanya kijana aache nyumba ya mamake aende kuua watu? Wengi tuna jawabu tayari. Umaskini, twasema, au hakusoma. Hebu turudi Garissa, Aprili 2, 2015. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Mmoja wa wauaji alikuwa na digrii ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa chifu. Sasa umaskini gani huo?

Mwanasaikolojia Arie Kruglanski wa Marekani na wenzake wanasema hukutana mambo matatu. Kwanza ni haja, tena si ya chakula. Ni haja ya kuonekana mtu. Haja hiyo sote tunayo. Ndiyo inayotufanya tukeshe na vitabu na tugombee uongozi. Lakini huwaka zaidi mtu anapodhalilishwa, yeye au watu wake. Kisha huja hadithi ya kumwambia kuwa bunduki itamrudishia heshima, na marafiki wa kuiitikia hadithi hiyo.

Mwaka 2017 UNDP ilitoa utafiti uliowahoji waliojiunga na makundi haya barani Afrika, Kenya na Somalia zikiwemo. Katika waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa jamaa au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma mwisho. Na asilimia 57 walikiri kuwa maandiko ya dini hawayaelewi, au wanayaelewa kidogo tu. Hao ndio watu waliodai kutupigania dini!

Nieleweke: kueleza si kutetea. Damu ya wale wanafunzi haina udhuru.

Lakini na sisi tujitazame. Madrasa niliyosoma, aliyekosea kuhifadhi alichekwa mbele ya wenzake. Mmoja alichekwa mpaka akaacha kuja, na hakuna aliyekwenda kumuuliza. Alhamdulillahi, leo ni fundi wa baiskeli. Juzi nilipomsalimia aliniuliza, "Wanikumbuka jina?" Nikaona haya. Miaka yote ile tulimwita kwa lakabu tu.

Basi leo baada ya tarawehe, tazama safu ya nyuma kabisa. Kuna kijana hukaa pale peke yake kisha huondoka bila kusemeshwa. Wewe wamjua jina?