Dawa, Nasibu na Hesabu

Kila tusikiapo katika taarifa ya habari kwamba dawa fulani imethibiti kufaa, yatupasa tuulize, kabla ya kushangilia, kama tofauti iliyoonekana baina ya wagonjwa haikuletwa na nasibu tupu. Huko Uingereza, kwa mfano, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1948, wagonjwa 107 wa kifua kikuu waligawanywa kwa nambari za nasibu zilizosetiriwa ndani ya bahasha, 55 wakapewa dawa ya streptomisini pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 mapumziko peke yake. Na ilipotimia miezi sita, walikuwa wamefariki 4 miongoni mwa wale waliopewa dawa na 14 miongoni mwa hawa wasiopewa.

Austin Bradford Hill na wenzake, walioendesha utafiti huo, hawakukinai kwa kutazama tu. Ukishika kwanza dhana kwamba dawa haina athari yoyote, kisha ukadirie tofauti kubwa kiasi hicho ingezuka mara ngapi lau dhana hiyo ingekuwa sahihi, hupati hata mara moja katika mia. Basi dhana hukataliwa.

Kipimo cha kuijaribu dhana nacho hufuata jinsi ya data. Vifo huhesabiwa, kwa hiyo hufaa kipimo cha kai-mraba. Lau ingekuwa kulinganisha wastani wa uzito wa miili, kingestahiki kipimo cha t, alichokiasisi William Gosset mwaka 1908. Lakini mtafiti ajaribuye vipimo kumi, akatangaza kimoja tu kilichomridhisha na kuvificha vilivyosalia, huyo, kwa rai yangu, amewadhulumu wagonjwa waliomwamini.