Chakula cha Asubuhi kwa Kaya za Nyanda za Juu Kusini

Mazungumzo na walaji wa Iringa na Mbeya



Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Naanza na methali hiyo kwa kuwa inatugusa sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Mahindi yetu hulisha miji mingi ya nchi hii. Mchele wa Kyela husifiwa hadi Dar es Salaam. Rungwe kuna ndizi, maziwa na maparachichi, na viazi mviringo vya Mbeya husafiri kwa malori kwenda masoko ya mbali. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mbeya nayo ilikuwa juu kidogo ya wastani huo.

Udumavu una sababu nyingi: maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama, na kazi nyingi zinazomnyima mama nafasi ya kumlisha mtoto. Leo nitazungumzia mlo mmoja ambao kaya nyingi zinaweza kuanza kuurekebisha kesho, yaani kifungua kinywa.

Tuitazame asubuhi yetu ya kawaida. Baba hunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi na andazi, kisha hushika jembe. Mtoto hupewa kikombe cha uji mwepesi wa sembe, kisha huenda shule katika baridi. Vyakula hivyo ni wanga na sukari karibu vitupu. Hushibisha kwa muda mfupi, na kabla ya saa nne mkulima analegea na mwanafunzi anasinzia darasani.

Kifungua kinywa kamili kina sehemu tatu: chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Cha kutia nguvu tunacho: viazi, magimbi, ndizi, uji wa dona au wa ulezi. Cha kujenga mwili ni maharage, njegere, karanga, maziwa, mayai au dagaa. Cha kulinda mwili ni matunda na mboga za majani, kama papai, pera, mchicha na majani ya maboga. Viazi vya kuchemsha, yai moja na kipande cha papai ni mlo kamili. Ndizi zilizopikwa na maharage, pamoja na pera, ni mlo mwingine. Maharage ya jana yaliyohifadhiwa vizuri na kupashwa moto hadi yachemke yanafaa pia.

Mtasema kwamba mayai na maziwa ni fedha. Ni kweli, na fedha hiyo hulipia daftari na sare za shule. Kuuza si kosa. Kosa ni kuuza yote, kisha kununua sukari na maandazi kwa sehemu ya fedha ileile. Kabla trei ya mayai haijapelekwa gulioni na maziwa hayajapelekwa kwa mnunuzi, tenga kwanza ya nyumbani. Baba na mama wakubaliane jambo hili kwa pamoja, maana mama akiachiwa peke yake hana uwezo wa kulilinda.

Kuhusu mtoto mdogo: hadi atimize miezi sita, maziwa ya mama yanamtosha. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vya nyongeza. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi hulijaza maji. Pika uji mzito, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha koroga ndani yake kijiko cha unga wa kimea cha ulezi. Uji utalainika bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke tena, ndipo uongeze maziwa au karanga zilizosagwa laini.

Yapo mambo manne ya kuangalia. Kwanza, chai hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma, hivyo inywewe saa moja hivi baada ya kula. Pili, dona lina virutubishi vingi kuliko sembe, kwa kuwa halijakobolewa. Tatu, mahindi na karanga zenye ukungu zisiliwe wala zisisagwe kwa ajili ya uji, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Nne, ununuapo unga wa pakiti, tafuta alama ya ubora ya TBS na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga wa soya utokane na soya iliyochemshwa au kukaangwa vizuri, kwani soya mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini.

Ndugu zangu, kaya nyingi hazihitaji chakula kigeni ili watoto wakue. Kinachotakiwa kipo shambani, bandani na kwenye kitalu cha mboga nyuma ya nyumba. Kesho asubuhi, kabla ya kumimina chai, kila mmoja ajiulize: katika sahani hii, cha kujenga mwili kiko wapi, na cha kulinda mwili kiko wapi? Kikikosekana kimoja, atazame kwanza kile alichokusudia kupeleka sokoni.