Soma, Kisha Mpe Mwenzako
Mhadhara wa umma, Mulungwishi



Mwaka 1749 John Wesley, mwasisi wa Wamethodisti, alianza kuchapisha maandishi ambayo mengi hayakuwa yake. Mkusanyo huo aliuita Maktaba ya Kikristo, na ulipokamilika mwaka 1755 ulikuwa umefikia majalada 50. Wesley alipitia kazi za mababa wa Kanisa wa karne za mwanzo, za Wapuriti, za Waanglikana, hata za Wakatoliki, ambao Waingereza wengi wa wakati wake hawakutaka kuwasikia. Alichagua yaliyomjenga, akayafupisha, akaacha asiyoyakubali, kisha akayatoa yawafikie wahubiri wake, wengi wao watu wasiowahi kukanyaga chuo kikuu. Kazi hiyo ilimtia hasara ya fedha, na bado aliifikisha mwisho.

Wamethodisti wa Katanga wamerithi mengi kutoka kwake. Misheni yao iliingia nchi hii na John na Helen Springer mwanzoni mwa karne ya 20. John Springer akachaguliwa kuwa askofu mwaka 1936. Leo Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga kiko hapa Mulungwishi, kwenye barabara itokayo Likasi kwenda Kolwezi, na kinafundisha watu ambao kazi yao itakuwa kusoma na kusomea wengine. Kwa hiyo swali la mhadhara huu linawahusu moja kwa moja. Mtu akisoma jambo lililomgusa, liwe la falsafa, la imani, la mila au la maisha ya nyumbani, kisha akampa mwenzake, anakuwa amefanya nini hasa?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba amejiweka dhamana. Anasema amelisoma andiko, amelichagua kati ya mengine, na yuko tayari kuulizwa. Sharti hili la mwisho ndilo zito. Wesley alilijua: tangu mwaka 1742 aliwapanga wafuasi wake katika vikundi vya watu kama 12 waliokutana kila juma, wakaulizana habari za roho zao. Maktaba yake iliwakuta wasomaji wakiwa tayari na watu wa kuzungumza nao.

Katanga ina historia yake ya jambo hili, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea kandokando ya barabara hiihii.

Mwaka 1944 gazeti la L'Essor du Congo, lililotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, lilichapisha makala ya padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, kuhusu falsafa ya uasi. Tempels alikuwa Kongo tangu mwaka 1933 na alikuwa ameishi na Waluba wa upande wa Kamina. Mwaka uliofuata kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka mjini humohumo kwa Kifaransa, kikiwa kimetafsiriwa na Antoine Rubbens kutoka Kiholanzi. Hoja yake ilikuwa kwamba Wabantu wana fikra kamili kuhusu kuwapo, na kiini chake ni nguvu ya uhai. Askofu wa Katanga, de Hemptinne, hakupendezwa. Mnamo 1950 mshairi Aimé Césaire alimkosoa Tempels kutoka upande mwingine kabisa: alimlaumu kwa kuwapa wakoloni njia ya kuisifu fikra ya Mwafrika huku unyonyaji ukiendelea vilevile.

Lawama ya Césaire iligusa mahali panapouma. Kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya Wazungu. Waluba walikuwa ndani yake kama wanaosemwa, na hakuna aliyewapa ukurasa ili wajibu.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Tempels alipelekwa kwao Ubelgiji, akarudi Kongo mwaka 1949, na kuanzia mwaka 1953 alifanya kazi kati ya wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi. Safari hii alianza kwa kuketi na watu na kuwasikiliza. Katika mazungumzo yale lilizaliwa vuguvugu lililoitwa Jamaa. Mume na mke waliingia pamoja, wakapita hatua kwa hatua, wakaitwa baba na mama hata na watu waliowazidi umri. Tempels mwenyewe aliitwa Baba. Maneno yaliyobeba fundisho lao yalikuwa matatu, uzima, uzazi na mapendo, yote ya Kiswahili kinachosemwa jikoni na kazini. Neno mawazo nalo lilikuwa na uzito wake, kwani kuungana kulikuwa kuungana mawazo. Mafundisho yalitoka kinywani mwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, nyumba hadi nyumba, kutoka kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière hadi Kasai.

Ni fikra zilezile za kitabu cha 1945, lakini sasa zilikuwa na watu wa kuzijibu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeliandikia vuguvugu hilo kitabu mwaka 1971, alikuta wachimba madini wakifafanua maana ya uhai na ndoa kwa hoja ndefu zenye mpangilio. Uongozi wa Kanisa ulianza kulitilia shaka, na sababu si ngumu kuona: watu waliozoea kuulizana majumbani hawakungoja tena padri ndipo wafikiri.

Mfano wa pili unatoka Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, kama walivyoiona watu waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu. Ni kurasa chache zilizopigwa taipu, zenye jina la Kifaransa linalotangaza msamiati wa mji wa Elisabethville. Ndani yake mna mishahara, mabwana na wapishi, pamoja na siri za nyumba ambazo mwenye nyumba hakudhani zingeandikwa. Yav hakufuata tahajia ya shule. Maneno yameungana au yamekatwa pasipotarajiwa, na sentensi hazina mipaka iliyo wazi. Fabian alipotaka kuyafasiri maandishi hayo alikwama, mpaka Kalundi Mango, mwenye lugha, alipoyasoma kwa sauti. Yaliyoonekana kama makosa kwenye karatasi yalieleweka masikioni. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1990, miaka 25 baada ya kuandikwa.

Kuna kitu cha kujifunza katika koo la Kalundi Mango. Andiko lilikuwapo, na nakala ilikuwa mkononi mwa msomi mwenye bidii, lakini halikufika mpaka mtu wa lugha hiyo alipolitamka.

Likasi nayo ilimtoa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa katika kusoma. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa huko Desemba 1941, mji ulipoitwa Jadotville. Akiwa kijana aliingia monasteri ya Wabenedikto nchini Rwanda. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza kwamba wakati wa chakula watawa wanyamaze na mmoja wao asome kwa sauti. Inaagiza pia kila mtawa apewe kitabu chake mwanzoni mwa Kwaresima, akisome chote. Mudimbe aliacha utawa, akafundisha Lubumbashi, akaondoka nchini wakati wa utawala wa Mobutu, na akafariki Marekani mwaka 2025. Mwaka 1994 aliandika kuhusu malezi yake kama mtu anayeeleza bustani iliyopandwa kwa ratiba ya Wabenedikto.

Kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya kubuniwa kwa Afrika kinaleta onyo ambalo mhadhara huu hauwezi kulipita. Mudimbe alionyesha kwamba mengi yanayoaminiwa kuhusu Afrika yalikusanywa na wamisionari, wasafiri na watawala, na kwamba hata Mwafrika anapojieleza mara nyingi anachota kutoka rafu zilezile. Anayegawa maandishi anagawa pia rafu alikoyatoa. Wesley alikata asiyoyapenda bila kumwuliza mtu. Tempels alianza hivyohivyo. Kwa hiyo mgawaji anadaiwa kusema ametoa wapi na ameacha nini, na kumwachia anayepokea nafasi ya kuleta andiko lake.

Mulungwishi iko mahali pazuri kwa kazi hii. Upande mmoja wa barabara ni Kolwezi ya Jamaa. Upande wa pili ni Likasi ya Mudimbe, na mbele yake Lubumbashi ya Yav. Pendekezo la mhadhara huu ni dogo. Watu 12, wanafunzi na wenyeji wa kijiji, wakutane jioni moja kila juma. Kila mara mmoja alete kurasa mbili, aeleze kwa nini amezichagua, azisome kwa sauti, kisha anyamaze wengine wajibu. Waanze na Yav, na anayesoma awe mzee aliyekulia katika Kiswahili hicho. Akifika kwenye neno ambalo vijana hawalijui, asimame hapo, awaambie nani alikuwa akilitumia, na katika nyumba gani.