Wasichana Warefu wa Melbourne: Tiba ya Homoni Utotoni na Anayeilipia Ukubwani



Mwaka 1959, katika jiji la Melbourne, Australia, daktari bingwa wa watoto aitwaye Norman Wettenhall alianza kuwapa estrojeni wasichana ambao hawakuumwa chochote. Walikuwa warefu tu, au walitazamiwa kuwa warefu. Wazo hilo hakulianzisha yeye, maana daktari mwingine, Goldzieher, alikwisha kuchapisha habari za tiba ya namna hiyo nchini Marekani mwaka 1956. Lakini Australia iliipokea kwa mikono miwili, ikaendelea nayo hadi miaka ya 1990, na Ulaya nako ilitumika sana. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wasichana wale wamekwisha kuwa watu wazima, wakahojiwa, na majibu yao tunayo.

Wazazi walihofia nini? Ukisoma majarida ya kitabibu ya zama hizo, hofu ya kwanza ni mume: msichana wa futi sita ataolewa na nani? Ya pili ni nguo. Ya tatu ni kazi, kwa kuwa msichana mrefu hakutarajiwa kucheza ballet, na mashirika ya ndege yaliweka kikomo cha urefu kwa wahudumu wao. Mara nyingi aliyemleta binti kliniki alikuwa mama ambaye naye ni mrefu, aliyetaniwa shuleni hadi akajifunza kutembea ameinama. Alitaka yaliyompata yasimpate mwanawe. Sina neno baya la kumwambia mama huyo. Wazazi wa namna yake nakaa nao kliniki hadi leo, ila kwetu kilio huwa cha upande wa pili. Baba ananisogezea mtoto wa kiume mbele ya meza na kuuliza, "Daktari, hakuna sindano ya kumrefusha huyu?" Mtoto yupo pale pale, anasikia kila neno, na macho ameyaelekeza kwenye viatu vyake.

Tiba yenyewe ilianza na picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Naomba tuitazame kidogo picha hiyo. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka jembamba la gegedu, na hapo ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Gegedu haionekani vizuri kwenye eksirei, kwa hiyo daktari huona ufa mweusi kati ya ncha ya mfupa na shina lake, kana kwamba vidole vimekatika na kusogezwa kidogo. Ufa ukiwa wazi, mtoto bado anakua. Ukifunga, urefu umekwisha. Daktari huilinganisha picha hiyo na kitabu cha picha cha Greulich na Pyle, kilichotokana na watoto wa Cleveland, jimbo la Ohio, kisha hukadiria mtoto atafikia sentimita ngapi. Nasema hukadiria. Makadirio hayo yanaweza kukosea kwa sentimita kadhaa, na manufaa ya tiba nzima yalikuwa sentimita chache vilevile. Binti mmoja mmoja hakuwa na namna ya kujua kama dawa ilimpunguzia urefu au makadirio yalikuwa yamezidi tangu mwanzo.

Kinachoufunga ufa huo ni estrojeni, kwa wasichana na hata kwa wavulana. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mwanamume wa miaka 28, mrefu wa sentimita 204, ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni kutokana na hitilafu ya jeni. Gegedu zake zilikuwa bado wazi na alikuwa bado anakua. Kwa hiyo kisayansi madaktari wa Melbourne hawakubahatisha: ukimpa binti estrojeni nyingi, ukuaji utasimama mapema. Swali ni kiasi walichompa, na nini kingine kilichofikiwa na dawa hiyo mwilini mwake.

Kwanza walitumia stilbestroli, miligramu 3 kila siku. Baadaye walihamia ethinili estradioli, mikrogramu 150 kwa siku. Wanawake waliomo humu wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wakisoma maandishi ya paketi, wengi watakuta mikrogramu 20 hadi 35 za homoni hiyohiyo. Basi mtoto aliyevunja ungo juzi alimeza dozi ya mara nne hadi saba ya ile anayomeza mtu mzima, siku baada ya siku, na mara nyingi kwa zaidi ya mwaka. Wasichana walisumbuliwa na kichefuchefu, kunenepa, hedhi nzito, na chuchu kugeuka rangi kuwa nyeusi. Mwaka 1971, Herbst na wenzake huko Boston walionyesha kwamba stilbestroli waliyopewa wajawazito ilihusiana na saratani adimu ya uke kwa mabinti waliozaliwa. Waliokuwa wameimeza dawa hiyo wenyewe wakiwa na miaka 13 waliisoma habari hiyo magazetini kama watu wengine.

Miaka ikapita. Wasichana wakaolewa, wakatafuta watoto, na baadhi yao hawakupata. Wakaanza kuulizana. Sehemu hii ya historia ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: wanawake waliotibiwa walijikusanya wakadai uchunguzi. Tafiti ndogo za awali zilikuwa zimewatuliza watu kwamba hakuna tatizo. Uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Alison Venn ukachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2004, miaka 45 baada ya tiba kuanza Melbourne. Uliwalinganisha wanawake 371 waliopewa homoni na wengine 409 waliopelekwa kwa daktari kwa ajili ya urefu lakini hawakutibiwa. Waliotibiwa walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 40 wa kushika mimba katika kila mzunguko wa hedhi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kati ya wanawake 100 wasiotibiwa 25 hushika mimba katika mwezi fulani. Kwa waliotibiwa wangekuwa 15. Haina maana kwamba kila aliyetibiwa alikuwa tasa. Ina maana ya miezi mingi zaidi ya kungoja, na waliotumia dawa za kusaidia uzazi walikuwa mara mbili ya wenzao. Miaka michache baadaye, watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walikuta dalili za namna hiyo kwa wanawake wao.

Kuna jibu jingine linalonikaa moyoni kuliko hilo. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walichapisha maoni ya wanawake haohao kuhusu uamuzi uliofanywa walipokuwa watoto. Kati ya wasiotibiwa, asilimia 99.1 walifurahi kwamba hawakutibiwa, hata waliokuja kuwa warefu sana. Kati ya waliotibiwa, asilimia 42.1 hawakuridhika na uamuzi huo. Ule urefu ulioogopwa na mama, na daktari, na mashirika ya ndege, wenyewe waliuzoea. Ilihitajika miaka tu, na kwa miaka hiyo hakuna aliyekuwa na subira.

Madaktari wale walipima kwa uaminifu, ila walipima sentimita, kwa sababu sentimita hujulikana mtoto akiwa bado mikononi mwa daktari wa watoto. Uzazi hujulikana miaka 15 au 20 baadaye, faili likiwa limeshafungwa na mgonjwa ameshahamia kwa madaktari wengine. Ridhaa aliitoa mzazi, na pengine binti naye aliitikia kwa kichwa. Mwanamke wa miaka 30 anayetafuta mtoto ndiye aliyebeba gharama, na siku ile ya kutia saini hakuwa na msemaji chumbani.

Nisieleweke vibaya. Insulini nayo ni homoni, na mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiikosa atakufa. Mtoto ambaye tezi yake ya shingo haifanyi kazi akikosa homoni yake atadumaa akili na mwili. Watoto hao nawaandikia dawa bila kusita, na mzazi anayewanyima kwa hofu ya neno "homoni" anawaumiza. Kuna ugonjwa pale, na madhara ya kutotibu yanajulikana. Urefu wa wasichana wa Melbourne haukuwa ugonjwa. Mzazi anapouliza sindano ya kurekebisha umbo la mtoto mzima wa afya, nataka mimi na wanafunzi wangu tumuulize kwanza tatizo liko mwilini mwa mtoto au midomoni mwa wanaomcheka.

Sasa niseme na aliyekwisha kutibiwa. Pengine yumo humu mtu aliyepewa homoni akiwa na miaka 12 kwa sababu yoyote, na usiku huwaza. Mwambie daktari wako wa sasa hata kama hakukuuliza: dawa gani, dozi gani, ulianza na kuacha lini. Ikiwa unatafuta mtoto, usingoje mwaka mzima kama wanavyoshauriwa wengine. Nenda mapema ukapimwe. Na ikiwa huijui dawa uliyopewa, muulize mzazi wako wakati bado yupo na anakumbuka.

Kwa upande wetu madaktari, daftari la kliniki hulowa mvua, hupotea wakati wa kuhama nyumba, huishia kuwashia moto jikoni. Hatuwezi kulikabidhi kumbukumbu ya miaka 30. Ninapendekeza kwa idara yetu kwamba kila kijana anayepewa homoni kwa muda mrefu, siku anayotoka kliniki ya watoto, apewe barua mkononi mwake yenye jina la dawa, dozi, tarehe na mambo ya kuchunguzwa ukubwani, na nakala ibaki hospitali. Tumeshaandaa rasimu ya ukurasa mmoja. Imeandikwa kwa Kiswahili, ili mwenye mwili aisome mwenyewe.